Sketi ya Mganga wa Salale

Alhamisi, saa nne ya chai, Mwalimu Bashiru aliingia chumba cha walimu akicheka peke yake, simu imemganda kiganjani.

"Jamani, njooni muone maajabu ya huko deltani. Leo mtakufa."

Walimu wakaacha vikombe wakamzunguka. Elinipendo hakuinuka. Alikuwa na rundo la madaftari ya darasa la sita mbele yake, na klipu za Bashiru alizizoea: leo nyoka wa vichwa viwili, kesho mtu kaoa dada wawili siku moja. Akaendelea kusahihisha.

"Mwanaume mzima na sketi!" mmoja akapiga yowe. "Tena ya marinda!"

"Si msuli huo?"

"Msuli gani wenye mikanda ubavuni? Sketi hiyo, mama. Na wanasema eti ndiye daktari wa huko."

Neno la mwisho ndilo lililomwinua Elinipendo. Akaja akachungulia juu ya bega la Bashiru. Kwenye kioo cha simu, mtu mrefu alikuwa akishuka kutoka kwenye boti, shati jeupe la mikono mirefu limechomekewa vizuri, na chini yake sketi nzito ya drafti nyekundu na kijani iliyofika magotini. Watoto walikuwa wakipiga makofi nyuma yake. Yule mtu akageuka akitabasamu, akawapungia mkono, na Elinipendo akauona uso.

"Rudisha nyuma," akasema.

Bashiru akarudisha. Uso ukageuka tena.

"Mwalimu Eli, unamfahamu?"

"Ni Baba Imani," akasema.

Kicheko kilikatika kama kilichomwagiwa maji. Mmoja alibaki na andazi mdomoni, hatafuni wala hatemi. Bashiru akaifunga simu polepole, akaanza kusema samahani, akaiacha katikati.

Zefania, Baba Imani, alikuwa mganga mfawidhi wa zahanati moja ya Salale, ndani ya mikoko, mahali ambapo hufiki ila kwa boti. Mwaka wa sita huo alikuwa huko. Elinipendo alifundisha Kibiti mjini na kulea binti yao. Kila mwisho wa mwezi mume alikuwa akija, siku mbili tatu, na mfuko wa kamba wakavu. Lakini miezi minne sasa hakuja. Mara boti mbovu, mara ripoti ya robo mwaka, mara wagonjwa wa kuhara. Elinipendo alikuwa amekwisha kujijibu moyoni: kuna mwanamke. Alikuwa hata amemchorea sura. Sketi hakuitegemea.

Jioni ile alipiga simu mara saba haikupatikana. Ijumaa alfajiri akaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, akamwacha Imani kwa jirani, akapanda bodaboda mpaka Nyamisati, kwenye gati la boti.

Mwenye boti aliitwa Abdala, mtu wa maneno mengi na meno machache. Mashine iliponguruma na boti ikaingia kwenye mkono wa mto, mikoko ikiwabana huku na huku, akamuuliza anakwenda kwa nani.

"Zahanati," Elinipendo akajibu.

"Aa! Basi utamwona daktari wetu na kilti yake." Abdala akacheka hadi usukani ukayumba. "Usishtuke, dada. Sie wenyewe siku ya kwanza tulishtuka. Mke wangu Faudhia alidondosha ndoo ya maji. Mie nikamfuata, nikamwambia daktari, umerogwa? Akanikalisha, akanieleza. Ile si sketi ya kike. Ni vazi la wanaume wa Uskoti, watu wa vita. Babu yake alipigana na Wajapani huko Burma. Akambeba ofisa wa Kiskoti mgongoni siku mbili, risasi zinapita hivi na hivi. Yule ofisa akamvika vazi la ukoo wake, akamwambia, wewe na uzao wako mtalivaa. Sasa ukifika mwaka wa kumbukumbu, lazima mjukuu alivae, la sivyo mizimu ya Wazungu inachachamaa."

Elinipendo alimtazama bila kupepesa. Babu yake Zefania alimjua. Alikuwa mchunga ng'ombe wa Mpwapwa, na maisha yake yote hakuwahi kuvuka stesheni ya Gulwe. Treni yenyewe aliiogopa.

"Alikueleza hivyo yeye mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake! Tena kwa Kiswahili cha kitabu."

Boti ilipogusa tope, wanawake watatu waliokuwa wakianika kamba wakamkaribisha. Mmoja wao ndiye Faudhia, mke wa Abdala, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Elinipendo akauliza kama kweli daktari wao anavaa sketi.

"Anavaa," Faudhia akasema. "Ni sare. Kuna wafadhili wa Uskoti wanataka kutujengea wodi ya wazazi, sharti lao mganga avae nguo ya kwao miezi sita. Aliniambia mie mwenyewe. Nikasema, kama wodi inapatikana kwa sketi, hata Abdala nitamvalisha."

Elinipendo akashukuru akapanda kuelekea zahanati. Habari mbili kwa nyumba moja! Mume na mke wanalala kitanda kimoja, kila mmoja na uongo wake, na hawajalinganisha. Kilichomshtua zaidi si uongo. Zefania aliyemjua yeye hakujua kusema uongo. Hata bei ya kitenge ilikuwa inamshinda kuficha.

Alimkuta nyuma ya zahanati, kwenye nyumba ya mtumishi, akijimwagia maji miguuni. Sketi ilikuwa mwilini. Kwa karibu ilionekana kubwa kuliko kwenye simu, sufu nzito ya baridi katika joto lile la kuchemsha mayai. Zefania aliinua kichwa, kopo likamwanguka.

"Mama Imani!"

"Usinisogelee," akasema. "Nimesikia ya Burma na nimesikia ya wafadhili. Yangu mimi ni ipi?"

Zefania akaliokota kopo. Akaingia ndani, naye akamfuata. Alitembea vibaya, miguu imeachana, kama mtu anayevuka mtaro usioisha. Akakaa ukingoni mwa kitanda taratibu, akijishikilia kwa mikono miwili. Hapo Elinipendo, kabla hajaambiwa neno, akaanza kuelewa.

"Ni mshipa?" akanong'ona.

"Busha," Zefania akasema. "Lilianza dogo mwaka jana. Uliniuliza, nikasema nimejigonga kwenye boti. Kuanzia Januari likakua. Suruali haziingii tena."

Akainua upindo wa sketi. Elinipendo akaona, akajiziba mdomo kwa kanga. Aliyaona mabusha ya watu kwa mbali, kama watu wote wa pwani, akapita akitazama pembeni. La mume wake lilikuwa kubwa kuliko nazi isiyofuliwa. Akaketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Na msuli?" akauliza mwisho, kwa sababu alihitaji kuuliza kitu. "Wanaume wote hapa wanavaa msuli."

"Wao wakivaa, hakuna anayeuliza. Mimi mtu wa bara, mganga wa serikali, Mkristo, nikija kazini na msuli, siku hiyo hiyo wangejua. Hapa mtu akibadili suruali kwa msuli wanamtazama kiunoni kwanza." Akaisugua sufu ile kwa kiganja. "Hii ni nzito, haigandi mwilini, upepo hauinui. Na wakiiona wanauliza habari ya nguo. Nilitaka waulize kitu ninachoweza kujibu."

"Umeipata wapi?"

Zefania akageuka akatazama dirishani.

"Zefania. Umeipata wapi?"

"Mnadani Kibiti. Kwa Rukaiya muuza mitumba. Ilikuwa ndani ya belo la makoti, yeye mwenyewe akidhani ni ya mwanamke wa Kizungu. Mimi niliijua kutokana na kitabu cha shule."

Mnada wa Kibiti ulikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwao. Kwa hiyo alikuja. Alikuja Kibiti, akazunguka mitumba, akanunua nguo, akarudi Nyamisati, na mkewe alikuwa ndani akimpikia mtoto ugali akisubiri simu.

"Ungekuwa na mwanamke," Elinipendo akasema, "ningejua pa kuanzia. Ningemfuata, tungetukanana, yangekwisha. Sasa hili nalianzia wapi? Miezi minne! Abdala wa boti umemtungia hadithi ukamkalisha kitako. Mimi hata hadithi sikupewa."

Zefania akalia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalikuwa yakimdondokea tu kwenye drafti zile. Elinipendo hakumfuta. Wakati huo huo mtu akabisha hodi. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji akikumbusha kwamba swala ya Ijumaa imekwisha na watu wamekusanyika.

Kulikuwa na mkutano. Jumatatu iliyofuata madaktari wa upasuaji kutoka Dar es Salaam wangepiga kambi Kibiti kuwapasua watu wenye mabusha, bure, na boti ya kuwachukua ingekuja Jumapili. Kazi ya Zefania ilikuwa kuandikisha majina. Wiki mbili alikuwa na daftari, na daftari lilikuwa jeupe.

Watu walijaa barazani mwa zahanati, wanaume mbele, wanawake chini ya kivuli cha paa upande wa pili. Elinipendo akakaa karibu na Faudhia. Zefania akasimama na sketi yake akaanza kusema: ugonjwa unaletwa na mbu, si madafu, si kurogwa; upasuaji ni mfupi; mtu anarudi mzima na nguvu zake zote za kiume. Alisema vizuri. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mbele kabisa alikaa Mzee Haruna, mwadhini wa zamani, mtu mkavu mwenye macho makali. Akakohoa.

"Bwana mganga, shughuli ya visu tumeisikia. Lakini mie nina swali langu la zamani. Abdala huyu ananiambia vazi lako ni la urithi. Mkewe anasema ni la wafadhili. Mwenyekiti hapa uliwahi kumwambia ni dawa ya mgongo. Mtu mmoja, nguo moja, habari tatu. Sasa kama la nguo tu hatulijui, la kisu tukuamini kwa lipi?"

Watu wakacheka. Abdala akapaza sauti: "Mwambie ya Burma, daktari!"

Zefania akatabasamu lile tabasamu la kwenye klipu. "Ni kweli, wazee wangu. Uskoti ni nchi ya milima na baridi. Kila ukoo una drafti zake, na mwanaume wa ukoo..."

Akasita. Macho yake yalikuwa yamekutana na ya mkewe. Elinipendo hakumpa ishara yoyote, wala ya kumzuia wala ya kumsukuma. Baadaye alijiuliza mara nyingi uso wake ulikuwaje dakika ile.

"Mwanaume wa ukoo..." Zefania akarudia. Akaliweka daftari chini. "Sina ukoo wa Uskoti. Babu yangu alichunga ng'ombe. Nguo hii ni mtumba. Naivaa kwa sababu nina busha na suruali hainienei."

Ungesikia kamba wakikauka juani. Mama mmoja akasema "Lailahailallah!" kwa sauti ya ndani.

"Na si hilo tu," Zefania akaendelea. Sasa sauti ilikuwa inamtoka yenyewe, haraka. "Kila mwaka nawaletea vidonge vya kinga ya maradhi haya. Mlimeza mbele yangu, na wazee wenye miaka themanini mlimeza. Mimi sikumeza hata mwaka mmoja. Niliandika jina langu kwenye orodha nikatia tiki. Nilisema moyoni, haya ni maradhi ya watu wa pwani, mimi ni mtu wa bara."

Elinipendo aliinua kichwa. Hili hakuambiwa kule ndani. Hili ndilo lililokuwa chini ya yote.

Baraza likalipuka. "Kwa hiyo tulikuwa tunameza peke yetu!" "Mlituona sie panya wa kujaribia?" Kijana mmoja akapiga teke ndoo ikaruka mpaka uani. Watu kama kumi wakaondoka wakitema chini. Mwenyekiti alikuwa akisema tulieni, tulieni, hakuna aliyetulia. Mzee Haruna hakupiga kelele. Aliinuka kwa shida, akamtazama Zefania kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Busha si aibu," akasema. "Mungu humpa amtakaye. Lakini kutuona sie watu wa kuugua na weye mtu wa kutazama! Hiyo ndiyo aibu." Akaondoka na fimbo yake, na wengi wakamfuata.

Zefania alibaki amesimama kama mlingoti. Zilibaki nyuso chache tu, na hata hizo hazikuwa na huruma nyingi. Elinipendo akainuka aende akamshike mkono, ingawa hasira yake ilikuwa bado mbichi. Hakufika. Faudhia alikuwa amekwisha kusimama.

"Daktari," akaita kwa ile sauti yake ya ng'ambo, "okota daftari. Andika Abdala bin Mudrick."

Abdala aliruka kama aliyekanyaga kaa. "We mwanamke! Unasema nini mbele za watu?"

"Nasema ulicho nacho. Mwaka wa tisa huu nakufulia misuli kwa siri, nakushonea kamba za kiunoni kwa siri, unaendesha boti umekaa upande upande, watu wanadhani ni madaha. Ulikuwa unamcheka mwenzio kwa kuwa kavaa sketi! Andika, daktari."

Wanawake walitazamana. Abdala alisimama mdomo wazi, yale meno yake machache yote nje. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akakuta hakuna mtu anayecheka. Akakaa chini. Akajifunika uso kwa kofia.

"Andika," akasema ndani ya kofia.

Zefania akaandika. Aliikandamiza kalamu hata ikachana karatasi. Kisha akaandika jina lake mwenyewe juu ya lile la Abdala. Kabla jua halijashuka walikuja wengine wanne, mmoja mmoja, wakipitia mlango wa nyuma. Sita kwa kijiji kizima. Si wengi. Lakini wiki mbili hakukuwa na hata mmoja.

Jumapili boti ilipoondoka, baadhi ya watu walisimama ufukweni wasipunge mkono. Jumatatu mchana Zefania akapasuliwa. Elinipendo alikaa kwenye benchi nje pamoja na Faudhia, wakigawana chungwa, na waliposikia jina likiitwa waliinuka wote wawili kwa pamoja, kumbe lilikuwa la mtu wa kijiji cha Mkongo. Zefania alitoka salama. Abdala naye salama, ingawa alilalamika kwa sauti mpaka muuguzi akatishia kumrudisha ndani.

Siku ya tatu Zefania alikuwa nyumbani kwao Kibiti, amelala chali, Imani akimsomea kitabu chake cha Kiswahili, wakati hodi ilipopigwa. Elinipendo akafungua. Alisimama Mzee Haruna, kanzu ina tope la boti, furushi la nguo kwapani.

"Shikamoo mzee. Karibu!"

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kumwona mumeo," akasema haraka. "Nimekuja kwa ajili ya swala. Mwaka wa kumi na mbili sasa siwezi kusujudu sawasawa. Naswali nimekaa kama mgonjwa, na vijana wanadhani ni magoti. Nikasema, nikifa hivi, nitamwambia nini Mola?"

Chumbani, Zefania alikuwa amesikia. "Mzee Haruna," akaita, "nisamehe."

"Nyamaza upone," mzee akajibu kutoka mlangoni. Hakuingia. "Hayo tutayazungumza Salale, mbele ya watu, siku ukirudi. Nani atanipeleka huko hospitali?"

Elinipendo alimpeleka. Walitembea polepole kando ya barabara kuu, malori ya Kusini yakiwapita. Walipokaribia geti akasimama.

"Niambie kweli, mwanangu. Inauma?"

"Inauma. Usiku wa kwanza alilia kuliko binti yetu alipong'atwa na tandu."

Mzee Haruna akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei na kuiona ya haki, akaingia getini. Elinipendo alisubiri mpaka alipomwona anaandikishwa, kisha akarudi.

Zefania alikuwa macho. Imani alikuwa ametoka kucheza.

"Nimefikiri niombe uhamisho," akasema. "Nije hapa mjini. Kule sitaweza tena kuwatazama machoni."

"Utarudi kulekule," Elinipendo akasema. Alikuwa akimpangia mito chini ya magoti kama alivyoelekezwa na muuguzi. "Hao umewadhulumu, hao ndio utakaowatumikia. Mwanzo watakutukana. Vumilia."

"Na wewe? Umenisamehe?"

Akausogeza mto wa mwisho mahali pake.

"Bado," akasema. "Ile siku ya mnada bado inanichoma. Kila nikipita pale kwa Rukaiya nitakuwa nakuona umesimama, umeipa kisogo nyumba yako. Nipe muda. Lakini chakula nitakupa, na nitakuosha kidonda, na mwisho wa mwezi nikikusubiri, uje. Uje hata unachechemea. Uje ukiwa na lolote."

Zefania akamshika mkono. Elinipendo hakuuchomoa. Alikaa naye hivyo mpaka maji ya chai yalipoanza kufurika jikoni, akainuka kwenda kuyaepua.